Maswali yenu kuhusu maktaba ya mtaa

Kila Jumamosi nasomea watoto hadithi kwenye maktaba moja ya mtaani huku Eastlands, Nairobi, na maswali yamekuwa mengi, kwa hivyo wacha nijibu yale mnaniuliza sana.

Mtoto wangu ana miaka 3, hajui kusoma hata a. Nimlete ama ningoje?
Mlete mama, usingoje kabisa. Saa ya hadithi si darasa, tunatandika mkeka, naita "Paukwa!" wao "Pakawa!", halafu tunatega vitendawili kabla hata kitabu hakijafunguliwa. Juzi kulikuwa na kadogo kameshika kitabu juu chini, kanalamba pembe ya ukurasa, sikudhani kanasikiliza, lakini niliposema nyumba yangu haina mlango kakainua kichwa kakajibu "yai!" mbele ya wakubwa wote. Kusoma kunaanzia hapo, kwa masikio. Nakuomba tu ukae naye, usimwache mlangoni ukaenda sokoni.

Lazima niwe na kadi?
Kwa saa ya hadithi hapana. Kadi ni ya kuazima kitabu uende nacho nyumbani.

Nina miaka 61, nasikia kuna mafunzo ya kompyuta. Vijana si watanicheka?
Shikamoo mzee wangu. Hakuna wa kukucheka, wengi wanaokuja siku ya mafunzo ni watu wazima kama wewe, kwa sababu huduma za serikali zimehamia eCitizen, tovuti ya serikali, na wamechoka kulipa mtu wa saiba kila mara. Njoo na kitambulisho na simu yenye laini yako mwenyewe, maana kuna namba ya kuthibitisha hutumwa kwa simu. Paswadi uiandike wewe, hata anayekufundisha akisema nipe nikusaidie, kataa.

Najiandaa kwa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na Jumamosi watoto wanapiga kelele. Maktaba si ni mahali pa kimya?
Una haki ya kulalamika. Nyumba zetu nyingi ni chumba kimoja na TV ya jirani unaisikia neno kwa neno, sasa ukikosa kimya maktabani utakipata wapi? Kelele zetu ni saa nne hadi saa sita, na nimeshaomba tuhamie kwenye veranda mvua isiponyesha.

Tunataka kilabu cha vitabu lakini nakala ni moja tu.
Basi someni kwa sauti, kwa zamu, hadithi fupi moja kila kikao. Nenda rafu ya 896.392, hiyo ndio namba ya fasihi ya Kiswahili kwa mpango wa Dewey, ule wa kupanga vitabu rafuni kwa namba (lugha yenyewe ni 496.392, watu huchanganya sana). Chagueni siku na msiihamishe hata wakija watu watatu, kilabu huuawa na "tutaambiana wiki ijayo".

Huku kwetu kijijini hakuna maktaba karibu, tufanyeje?
Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, nao walikuwa hivyo, wafugaji wanahama na barabara ni mchanga, ndipo mwaka 1996 huduma ya maktaba ya taifa ikaanza kuwapelekea vitabu kwa ngamia, mmoja amebeba masanduku ya vitabu, mwingine hema, wakifika wanatandika mikeka na watoto wanachagua. Nyinyi anzeni na shule ya karibu. Ongea na mwalimu mkuu afungue kabati la vitabu vya hadithi Jumamosi asubuhi, shule nyingi vitabu vipo vimefungiwa tu na ufunguo anao mtu mmoja.