Linux kwenye Zipit Z2: pata konsoli kwanza, butiloda baadaye

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama Zipit Z2, kifaa kidogo cha kuchati kwa Wi-Fi, uliyobaki nayo baada ya huduma zake za ujumbe kuzimwa inaweza kuwa kompyuta ndogo ya Linux ya kusomea barua pepe, na kama ni lazima uifungue. La kwanza, ndiyo, yangu naitumia hivyo. La pili, zipo njia za kuiandika upya kupitia Wi-Fi bila kugusa skrubu, lakini mimi nakusihi uifungue.

Kifaa hiki cha mwaka 2007 kimebeba prosesa ya XScale PXA270 ya MHz 312, RAM ya MB 32, fleshi (hifadhi ya kudumu) ya MB 8, skrini ya 320 kwa 240, kebodi kamili na tundu la kadi ya miniSD. Tena kilitoka kiwandani kikiwa na Linux ndani, ila imefichwa nyuma ya programu ya kuchati. Kwa hiyo hulazimishi kitu kigeni, unafungua mlango uliokuwa umefungwa.

Ninachosema ufungue ni kwa ajili ya konsoli ya siriali, njia ya kuzungumza na kifaa kwa maandishi kutoka kompyuta nyingine. Nyaya tatu tu: ardhi, ya kutuma na ya kupokea, kasi ya biti 115200 kwa sekunde. Pima volti kwa mita kabla ya kuunganisha, na waya wa umeme wa adapta ya USB inayounganisha nyaya hizo na kompyuta uuache hewani, kwa sababu kifaa kina betri yake. Bandari ya RS-232 ya kompyuta za zamani usiipeleke huko moja kwa moja, volti zake zitaua prosesa. Skrini ikiwa nyeusi, konsoli ndiyo inayokuambia kama kifaa kimekufa au kimekwama tu, na hizo ni hali mbili tofauti kabisa.

Nilijifunza hilo kwa uchungu. Nilikuwa nimeshaweka U-Boot, yaani butiloda (programu ndogo inayoanza kwanza na kupakia mfumo), nikaanza kuandika kerneli, kiini cha Linux, kwenye fleshi huku betri ikiwa imechoka. Umeme ukakatika katikati. Skrini nyeusi, taa hakuna, nikaamini nimeipoteza. Nilipochomeka siriali, U-Boot ikaitika kama kawaida. Nikaipakia kerneli ya MB 2 kwa Ymodem, njia ya kutuma faili kupitia siriali. Kwa kasi ile unapata kama KB 11 kwa sekunde, yaani dakika tatu hivi za kungoja, na kifaa kikaamka. Kilichoniokoa ni kwamba butiloda haikuguswa. Ingekuwa ndiyo iliyokatika, ningebaki na JTAG (njia ya kuandika fleshi kupitia pini za prosesa) peke yake, na hiyo ni kazi ya siku kadhaa.

Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, angalia /proc/mtd, orodha ya sehemu za fleshi, nakili kila sehemu ya fleshi kwenye kadi, kisha nakili tena mara ya pili na ulinganishe md5sum, alama zinazoonyesha kama nakala ni sawa. Zisipofanana, usiendelee. Chaji betri ijae, chomeka chaja, ndipo ubadilishe Blob, butiloda ya kiwandani, uweke U-Boot. Hatari kubwa ni hiyo moja. Baada ya hapo kerneli na mfumo mzima vinakaa kwenye kadi, na ukikosea unaitoa kadi na kurekebisha kwenye kompyuta.

Katika amri za kerneli usisahau rootwait. Kadi inachelewa kuonekana, na bila neno hilo kerneli inatafuta mzizi (mfumo wa faili ulio kwenye kadi), haiupati, inasimama. Nilipoteza jioni nzima nikiilaumu kadi nzima isiyo na kosa.

Programu ziwe za armel, toleo la prosesa za ARM lisilohitaji kitengo cha hesabu za desimali. PXA270 ni ARMv5TE na haina kitengo cha hesabu za desimali, wakati armhf, toleo lingine, inadai ARMv7, hivyo programu zake zitakufa papo hapo. Wi-Fi ni ya Marvell, inatumia draiva ya libertas kupitia SPI (njia ya mawasiliano kati ya chipu), na bila faili za femiwea, programu ya ndani ya chipu, ndani ya /lib/firmware haiamki hata draiva ikiwa sahihi. Mazingira ya picha achana nayo. MB 32 zinatosha BusyBox (amri za msingi), dropbear (kuingia kwa SSH) na mutt (kusoma barua pepe), nazo zinafanya kazi vizuri.

Kuna jambo moja la barua pepe litakalokusumbua. Betri ikiisha kabisa, saa inarudi 1970. Hapo kila cheti cha TLS (usimbaji wa mawasiliano) kinaonekana hakijaanza kutumika, na seva inakataliwa kwa ujumbe usioitaja saa hata kidogo. Nilibadilisha nywila mara mbili, nikajenga msmtp, programu ya kutuma barua, upya, kumbe tatizo ni tarehe. Siku hizi hati yangu ya kuwashia inaunganisha Wi-Fi, inauliza saa kwa NTP (huduma ya saa ya mtandaoni), ikishajibiwa ndipo inafungua mutt. Ukifika hapo uniambie nikutumie hati hiyo, ni mistari kumi na mbili.