Usinunue ruta! Mtandao unaokata ukiuacha kimya: yaliyonikuta mimi

Mkuu, rudisha hiyo pesa mfukoni kwanza. Nimesoma maelezo yako nikadhani ni mimi mwenyewe nimeandika miaka mitatu iliyopita. Ukiwa unatumia mtandao haukati hata kidogo. Ukiondoka dakika ishirini ukarudi, kurasa hazifunguki. Unazima Wi-Fi ya laptopu, unaiwasha, mambo yanakaa sawa. Na kesho unakwenda kununua ruta mpya kwa sababu kuna jamaa amekuapia kwamba "hiyo ruta imechoka". Halafu unauliza ununue ipi, kama Wi-Fi ya masafa ya 5 GHz itasaidia, na kama ubadilishe DNS, yaani ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya anwani. Hilo la DNS nitalifikia, la 5 GHz tuliache, ngoja kwanza nishughulike na hii ruta.

Imechokaje? Umekaa unaangalia video saa tano mfululizo, haikukata. Umeiacha ipumzike, ndiyo ikakata. Hivi wewe umeshaona punda anayebeba mzigo mchana kutwa bila shida, halafu anaanguka akishatuliwa? Jamaa wanaotoa ushauri wa aina hiyo ndio walionifikisha pabaya, ndiyo maana naandika kwa hasira, utanisamehe.

Mimi nilianza kwa kupiga simu huduma kwa wateja. Dada ana sauti nzuri, mpole, akaniambia nizime ruta, nihesabu hadi thelathini, niwashe. Nikafanya, ikapona. Kesho yake ikakata tena, nikapiga tena, nikaambiwa nihesabu tena. Kwa wiki mbili nimehesabu hadi thelathini kuliko mtoto wa chekechea. Na kila ikipona najiambia, "Basi kweli ni ruta." Sikujiuliza kwamba ukizima ruta, laptopu nayo inapoteza Wi-Fi na inalazimika kujiunga upya. Yaani nilikuwa nawaamsha wote wawili kwa mpigo mmoja halafu namsingizia mmoja kuwa ndiye aliyekuwa amelala.

Baadaye akatumwa fundi. Akachomeka kidude chake, akapima, akasema laini ni safi, tatizo ni ruta. La laini alikuwa na haki, amepima mwenyewe. Hilo la ruta alilitunga palepale huku anakunja waya wake.

Nikanunua ruta. Antena sita, mkuu. Imekaa juu ya kabati kama buibui aliyekufa chali. Muuzaji hakuniuliza lolote isipokuwa nyumba ina vyumba vingapi, na mimi nikamjibu kwa fahari kama vile vyumba ndivyo vinavyokata. Jioni ile niliichezea mpaka usiku: kubadili jina la Wi-Fi, kuweka nywila, kupima kasi mara kumi. Haikukata. Nikalala nimeshinda. Asubuhi nafungua laptopu, kimya. Nikaiangalia ruta, taa zote za kijani, zinapepesa kwa raha zao.

Sasa hapa ndipo penye kosa lililonigharimu kuliko yote, na ndipo ninapoona na wewe unaelekea, maana umeandika kwamba umeacha pingi, ile amri ya kutuma pakiti ndogo ya data kwa mashine nyingine na kusubiri ijibu, ikimbie usiku "ili kupata ushahidi". Mimi pia niliambiwa hivyo hivyo na mtu anayejiita mtaalamu. Fungua kidirisha cheusi cha amri (Command Prompt), andika ping -t 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google, acha hadi asubuhi, piga picha, watumie kampuni waone aibu. Nikafanya. Asubuhi nakuta pakiti zilizopotea: sifuri. Saa nane, pakiti karibu 28,800, hakuna hata moja iliyopotea. Nikafunga kidirisha, nikaenda kuoga, kurudi mtandao haupo. Usiku wa pili nikarudia: sifuri. Nikafunga, ikakata. Usiku wa tatu nikakaa macho nikiitazama mistari ikishuka, mmoja kila sekunde, mpaka nikasinzia kitini. Sifuri.

Umeshaona nilichokuwa nafanya? Pingi nayo ni matumizi ya mtandao. Tatizo langu linakuja pakiwa kimya, na mimi kila sekunde napiga kelele mlangoni. Ni sawa na kumkamata mwizi kwa kumshika mkono usiku kucha, halafu asubuhi unatangaza kwamba mtaa huu hauna wizi.

Mwenye akili angeshtuka hapo. Mimi nikaona nimegundua dawa! Nikaandika kijifaili kidogo cha kuianzisha pingi kila laptopu inapowaka, nikaishi hivyo miezi minne, mtu mzima na akili zangu, nina kompyuta inayobembelezwa mchana na usiku. Halafu laptopu ikawa inajisasisha, inajiwasha upya na kubaki kwenye sehemu ya nywila, kijifaili hakianzi, mtandao unakata. Nikajenga nadharia kwamba kampuni inaninyang'anya laini nisipoitumia. Nikaiamini ile nadharia kama dini. Nikavunja mkataba kabla ya muda wake, nikalipa faini ya kuuvunja, nikahamia kampuni nyingine. Waya mpya, modemu mpya, ruta ya antena sita ileile. Siku ya kwanza tu, dakika ishirini, kimya.

Nikachukua simu nikawaandikia huduma kwa wateja wa hawa wapya kwenye WhatsApp. Nikaandika kwa herufi kubwa: MTANDAO HAUPO KABISA. Yule mhudumu akajibu kwa adabu: "Pole sana. Samahani, ujumbe huu unatutumia kwa mtandao gani?" Nikainua macho juu ya kioo cha simu. Alama ya Wi-Fi. Yangu, ileile niliyokuwa nalalamika kwamba imekufa. Data ya simu nilikuwa nimeizima tangu asubuhi.

Nilikaa kimya. Na yeye akakaa kimya, nadhani alinionea huruma.

Basi ruta ilikuwa hai, laini ilikuwa hai, hata ile ruta ya kwanza niliyoigawa bure ilikuwa hai. Aliyelala ni laptopu. Windows ina ruhusa ya kuzima kadi ya mtandao ili kuokoa umeme, na draiva, yaani programu inayoiendesha kadi yangu, ilikuwa inajua kulala lakini haijui kuamka. Kwenye kona inaonyesha imeunganishwa, ukituma kitu hakiendi popote. Dawa yake ilikuwa tiki moja. Unabofya kitufe cha Windows kwa upande wa kulia wa kipanya, unafungua "Device Manager", unaitafuta kadi yako ya Wi-Fi kwenye orodha ya vifaa vya mtandao, unaingia kwenye sifa zake, kichupo cha "Power Management", unaondoa tiki kwenye mstari wa juu unaoiruhusu kompyuta kukizima kifaa. Basi. Faini ya mkataba, ruta ya buibui, miezi ya pingi, vyote kwa ajili ya kijisanduku kidogo kuliko kucha ya kidole cha mwisho.

Usikimbilie kutoa tiki sasa hivi ukadhani umemaliza! Huenda kwako siyo hiyo. Nachokuambia ni kwamba usibadilishe kitu chochote mpaka umkamate aliyelala akiwa bado amelala. Hilo tu ndilo ninalolijua kwenye mambo ya mitandao, mengine nabahatisha kama wengine.

Fanya hivi leo usiku. Ua hiyo pingi. Funga kivinjari, funga muziki, funga kila kitu. Iweke laptopu kwenye mpangilio wa kutolala kabisa, la sivyo utakuwa unapima usingizi wa kompyuta nzima, ambao ni jambo jingine. Simu zote zitoe kwenye Wi-Fi, kwa sababu simu nayo haiachi kuchonga na dunia hata ukiwa hujaigusa. Andika saa. Ondoka nusu saa. Nenda kabisa, usikae unachungulia.

Ukirudi, mikono mbali na kitufe cha Wi-Fi. Mbali! Hapo ndipo kila mtu anapoharibu ushahidi. Kwenye kidirisha cheusi andika ipconfig uone vitu viwili: anwani ya laptopu na anwani ya lango, yaani ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ipige pingi hiyo ruta, mara nne zinatosha. Kisha ping 1.1.1.1, ambayo ni seva ya huko nje kwenye intaneti. Kisha ping kwa jina la tovuti yoyote. Mpangilio ni huo, kuanzia karibu kwenda mbali. Baada ya hapo ndipo uichukue simu, data imezimwa, uiunganishe na Wi-Fi, ufungue ukurasa ambao hujawahi kuufungua, maana ule wa jana simu inaweza kukuonyesha kutoka kumbukumbuni ukadanganyika.

Ruta isipojibu laptopu, lakini simu inapeta, mshukiwa ni laptopu, na hapo ndipo tiki yangu inapohusika. Ukiona anwani ya laptopu inaanza na 169.254, ujue imekosa anwani kutoka kwa ruta ikajipachika yenyewe. Kuna amri nyingine nzuri sana niliyochelewa kuijua: fungua kidirisha cheusi kama msimamizi, andika netsh wlan show wlanreport. Windows inakutengenezea ripoti ya siku tatu, inaonyesha kila mara Wi-Fi ilipokatika, saa ngapi, na sababu iliyoandikwa. Imo humo humo kwenye Windows 10 na 11, bure. Mtaalamu wangu wa pingi hakuwahi kuitaja.

Ruta ikijibu lakini 1.1.1.1 haijibu, na simu nayo imekwama, hapo ndipo unaruhusiwa kuitazama ruta kwa jicho baya. Ila hata hapo usinunue. Ingia kwenye kurasa zake, sehemu ya muunganisho wa nje. Kama laini yako inatumia PPPoE, ile ya jina na nywila, tafuta mpangilio unaosema iunganishe pale tu inapohitajika, na kando yake muda wa kukaa kimya, mara nyingi dakika 15. Hiyo ni urithi wa zama za kupiga simu kwa modemu, watu walipokuwa wanalipia kila dakika, kwa hiyo ruta ikiona hakuna anayetumia inakata ili usiumie. Leo inakuumiza wewe. Iweke kwenye kuunganisha muda wote, uhifadhi, urudie jaribio la nusu saa.

1.1.1.1 ikijibu na jina la tovuti lisijibu, hiyo ndiyo DNS. Ukikuta vingine vyote vimekufa, kubadili DNS ni kama kubadili kitabu cha namba wakati simu haina laini.

Na kama kinachokatika ni kazi moja tu, mfano umeingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuiendesha kompyuta ya mbali kwa amri, na ukirudi imeganda wakati kurasa zinafunguka kama kawaida, hapo hakuna aliyelala. Ni ruta, au mitambo ya kampuni, imefuta kumbukumbu ya mazungumzo yenu baada ya kuona kimya. Viwango vinataka mazungumzo ya TCP, aina ya muunganisho ambayo SSH inatumia, yaliyotulia yavumiliwe angalau saa 2 na dakika 4, lakini si kila kifaa kinatii. Weka ServerAliveInterval 60 kwenye mipangilio ya SSH, iwe inakohoa kila dakika. Hapo ndipo kukohoa ni dawa halali, siyo kule kwangu.

Nikikumbuka jambo moja: miezi kama sita baada ya kupona, mtandao ukaanza tena. Dakika ishirini, kimya. Wallahi nilishafungua ukurasa wa maduka ya ruta. Mkono uko kwenye kipanya kabisa. Nikajizuia, nikachukua simu: Wi-Fi inafanya kazi. Nikaenda "Device Manager". Draiva ilikuwa imejisasisha wiki ile, na tiki imerudi mahali pake, imekaa kwa starehe kama mwenye nyumba. Kwa hiyo ukiondoa yako, iandike mahali. Na kama laptopu yako ni ya kisasa huenda hicho kichupo hakimo kabisa. Basi pakua draiva ya kadi kutoka kwa watengenezaji wa laptopu yenyewe, usichukue kwenye tovuti za kupakua ovyo ovyo, ukajiletea na vidudu juu.

Jamaa wa "ruta imechoka" muulize alipima nini. Akikutajia taa, mpishe.

Kesho nataka uniletee mambo manne, kwa mpangilio: ruta ilijibu au haikujibu, 1.1.1.1 ilijibu au haikujibu, jina la tovuti lilijibu au halikujibu, na simu ilifungua ukurasa au haikufungua. Usiniandikie "bado inakata". Na ukiniambia uligusa kitufe cha Wi-Fi kabla ya kupima, nakurudisha kwenye nusu saa nyingine.