Jibu la swali la wiki: mwenye nyumba mmemsahau

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: mwanafunzi akifika kusoma nje, atafute kwanza watu wa kwao au akae nao mbali ili azowee mji na lugha? Nilitaka kulipita nikashindwa, maana mie jibu nilikuwa nalo hata kabla sijamaliza kulisoma. Atafute watu wa kwao, tena aanze kuwatafuta yuko bado nyumbani hajafunga begi. Hawa wanaowaambia watoto wa watu "jitenge, changanyika na wenyeji", wengi wao ukiwauliza walipokelewa na nani eapoti utasikia shemeji, utasikia binamu, mara kaka wa rafiki yake baba. Rahisi kuhubiri kujitegemea wakati ushavuka.

Ila kuna kitu ndani ya swali kimenikera na ndo hicho nataka kukisema. Nyie mnauliza mgeni afanye nini. Huyo anayetafutwa je? Yeye hakuna anayemuuliza.

Sie tuliokulia Kikwajuni, Unguja, chini ya yale majumba waliyojenga Wajerumani, habari za Ujerumani tumezisikia toka wadogo. Mjomba wangu mmoja alipelekwa Leipzig enzi za Ujerumani Mashariki, wakati serikali moja inakupeleka na serikali nyengine inakupokea. Anavyohadithia yeye, walishuka wakakuta mtu na karatasi ya majina, kitanda kipo, kozi ya Kijerumani pale chuo cha Herder inaanza, hata koti la baridi hawakununua. Mie nilipopata nafasi Leipzig hiyo hiyo mjomba akafurahi akasema huko hakuna shida, utapokelewa. Jamani mjomba. Ile nchi iliyompokea yeye imeshafutika kwenye ramani tangu 1990.

Siku hizi unajipeleka mwenyewe. Ada ni kweli vyuo vingi vya serikali havitozi, lakini viza huipati mpaka uonyeshe pesa za kula za mwaka mzima, na wengi tunazionyesha kwa ile akaunti iliyofungwa, 2022 ilikuwa euro 10,332 na 2024 ikapanda mpaka 11,904. Ukoo mzima unachanga. Sasa unafika kule ukijiona una pesa, kumbe zinatoka kwa fungu la mwezi, na hilo fungu la kwanza halitoki mpaka uwe na akaunti ya kawaida, na benki nyingi zinataka karatasi ya kujiandikisha mtaani, ile anmeldung, sheria inasema ndani ya wiki mbili toka uhamie, na anmeldung haifanyiki bila karatasi ya mwenye nyumba kwamba kweli unakaa kwake, na nyumba ndo kwanza unaitafuta, mfukoni una vijisenti ulivyobadilisha Darajani. Sasa hapo katikati utakula kwa nani? Ndo hapo zinapoanza simu.

Mie nilikuwa na bahati ya chumba, hosteli ya wanafunzi, mkataba mkononi umeandikwa unaanza tarehe 1 Oktoba 2022. Tarehe hiyo ilikuwa Jumamosi. Nimeshuka Frankfurt asubuhi, treni mpaka Leipzig, nimefika pale hostelini alasiri na mabegi mawili, moja gurudumu limeng'oka, nakuta ofisi ya msimamizi imefungwa na karatasi ya saa za kazi imebandikwa kwenye kioo. Jumapili hawafungui, hiyo naijua. Jumatatu yake ni tarehe 3 Oktoba, sikukuu yao ya kuungana Mashariki na Magharibi, nchi nzima imefunga. Kulikuwa na kijana anavuta sigara nje, akaniambia kwa upole kabisa, rudi Jumanne. Kama vile kaniambia rudi baada ya sala. Akamaliza sigara yake akaingia ndani, na ule mlango ukajifunga nyuma yake.

Laini yangu ya simu kule ilikuwa haishiki, intaneti ya bure niliiona stesheni tu, basi nikarudi stesheni kwa tramu na yale mabegi. Stesheni ya Leipzig ni kubwa kupita kiasi, wameimaliza 1915, reli za juu zinaishia zote upande mmoja kama majahazi yaliyofunga kwetu Malindi, na watu wanapita hakuna anayekutazama. Nikakaa juu ya begi nikaanza kupekua simu. Kwenye grupu moja la WhatsApp binamu yangu alikuwa kanitumia zamani namba ya mama mmoja wa Mombasa, akaandika "ukikwama". Sikumjua hata kwa jina. Nikapiga.

"Wewe u mwana wa nani?"

Nikamtajia baba, nikamtajia babu, nikataja mpaka mtaa.

"Siwajui. Umekula?"

Akanambia nisitoke hapo nilipo, akaja kunichukua mwenyewe, na kofia ya sufu juu ya mtandio, akabeba lile begi bovu akanipokonya kabisa. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya Eisenbahnstraße, mtaa wenye maduka ya Waarabu na Waturuki, nyama ya halali unapata, si mbali na stesheni. Vyumba viwili na jiko. Na hapa ndo nataka mnisikilize: ndani nilikuta tayari kuna vijana wawili wamelala sebuleni, nao wanasubiri hiyo hiyo Jumanne. Mie nikawa wa tatu. Yeye anafanya kazi nyumba ya wazee, zamu ya usiku, na ilikuwa saa kumi na mbili jioni, saa mbili lazima atoke.

Hebu fikirini. Mtu hajanijua hata kwa muda wa saa mbili kanikabidhi funguo ya nyumba yake. Akanisimamisha mlangoni kunifundisha, maana milango yao ukiiacha ikajifunga na funguo iko ndani hufungui tena kwa nje, na fundi wa kufungua siku kama ile anaweza kukudai mamia ya euro. Akanambia dirisha fungua wazi dakika chache asubuhi ufunge, usiache nusu siku nzima. Usioshe kwa kishindo baada ya saa nne usiku, jirani wa chini yuko tayari kuandika barua. Chupa za plastiki za vinywaji usitupe, nyingi zina senti 25 yake ukirudisha dukani. Chupa za glasi Jumapili usipeleke pipani, kelele. Akavaa viatu akatoka. Nililala nimeshika funguo mkononi wallahi, naogopa kwenda hata chooni.

Asubuhi karudi saa mbili hivi, macho mekundu, mguu mmoja umevimba, anasema kambeba mzee mmoja peke yake kwa sababu mwenzake wa zamu hakuja. Badala ya kulala akakanda unga wa mahamri. Tukamwambia mama lala, tutajipikia. Akasema nyie mtaniunguzia jiko. Tumekula mahamri na mbaazi za kopo, yeye kala kimoja akaingia kulala, na sie watatu tukawa tunanong'ona sebuleni, tunatembea kwa ncha za vidole. Haikupita saa, kengele. Naenda kufungua, kijana mmoja wa huko huko kwetu, mji sitaji msije mkamjua, anamtaka Bi Mkubwa, yaani yule mama. Nikamwambia kalala. Akasema mwamshe, jambo la dakika moja.

Hiyo dakika moja ilikuwa karatasi ya mwenye nyumba. Anataka amsainie kwamba anakaa pale, na hakai pale, analala kwa rafiki yake mji mwengine. Kumbe tangu Novemba 2015 sheria yao imekaza, ukimpa mtu anwani ya uongo ya kujiandikishia faini yake inaweza kufika euro 50,000. Bi Mkubwa katoka na kanga, kasimama pale mlangoni, kamwambia taratibu, mwanangu hii siwezi, chakula njoo, karatasi hapana. Yule kijana kamtazama akasema, ushakuwa Mzungu wewe. Kwa sauti, pale kwenye ngazi, halafu kashuka.

Bi Mkubwa hakumjibu. Kaja jikoni kakaa, kamimina chai, kanambia "mie huyu hata jina la mamake silijui."

Jumatatu nilimsindikiza kutupa taka na nikakiona kisanduku chake cha barua pale chini. Ujerumani barua inakwenda kwa jina, jina lako lisipokuwepo kwenye kisanduku postamani hakuachii kitu, na kule kila kitu kinakuja kwa barua, kadi ya benki peke yake, namba ya siri peke yake, kadi ya bima, namba ya kodi. Basi kile kisanduku kilikuwa kimebandikwa majina juu ya majina, mengine yamekatwa kwa kalamu, mengine wenyewe wameshahama miaka hawajaja hata kubandua. Na barua zao zinaendelea kuja kwake. Mmoja alikuwa anadaiwa ada ya redio na televisheni, ile ya euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, na vitisho juu. Bi Mkubwa ndo anakaa anampigia mtu aliyeko sijui Norway kumwambia una barua.

Jumanne nikapata chumba changu. Godoro tupu, akanipa mfarishi na sufuria.

Sasa turudi kwenye swali, nimeshaandika sana. Hoja yenu ya lugha mie siikubali. Mnasema ukikaa na watu wa kwenu hutojua Kijerumani. Kijerumani changu cha mwanzo kimetoka kwa Mmombasa. Yeye ndo kanifundisha kupiga simu ofisini, kusema jina langu herufi kwa herufi, kumkatalia mtu bila kutukana. Darasani masomo yalikuwa Kiingereza, na Wajerumani wenzangu wakiona nimekwama tu wanahamia Kiingereza kwa huruma. Kwa hiyo kama sababu ya kukaa mbali ni lugha, sababu hiyo haina miguu.

Lakini nikiwa naandika hapa nimejikuta naisogelea sababu nyengine. Nilianza kwa kusema atafute watu wa kwao, na nilipokuwa naandika ule mguu uliovimba nimeona siwezi kulimaliza jibu hivyo hivyo. Hawa tunaowaita "watu wetu" kwa kweli ni mtu mmoja au wawili kila mji, mara nyingi ni mwanamke, na mara nyingi anatoka zamu. Zamani ilikuwa serikali ndo inapokea, sasa ni jiko la mama wa watu, na tukinyimwa kitu tunamwita Mzungu. Ubalozi uko Berlin una mambo yake, vyama vya wanafunzi vinafufuka siku ya Idd.

Kwa hiyo namwambia mpwa wangu, ambaye barua ya chuo anayo na anasubiri viza, wiki ya kwanza usimtafute mtu. Angalia kalenda yao kabla ya kukata tiketi, ufike siku ya kazi asubuhi, Jumanne au Jumatano. Beba pesa taslimu ya kukutosha mwezi mzima, hata kama itabidi uchelewe safari. Andikia ofisi ya wageni ya chuo, vyuo vingi kule vina mpango wa mwanafunzi wa zamani kumpokea mpya, na huyo angalau kakubali kwa hiari yake na ana usingizi. Watu wa kwenu watembelee baadae, una kwako, una jina kwenye kisanduku chako.

Nasema hivyo, na namba ya Bi Mkubwa nimempa pia. Msichana akifika usiku, hana mahali, hilo jengine kabisa, apige hiyo simu na asione haya. Ila akipokelewa aoshe vyombo, asiulize karatasi, na asibandike jina kabla hajaambiwa bandika. Hayo ni ya Ujerumani tu, wa Malaysia na Uturuki wajibu wenyewe.