Chesi sio drafti, sio lazima ule

Kwa mnaocheza chesi hapa Mbeya mtanielewa haraka, maana wengi wetu tumetokea kwenye drafti. Ukipita vijiwe vya Mwanjelwa, Soweto, Kabwe pale, kuna watu wanagonga vizibo vya soda kwenye ubao tangu asubuhi, na kule sheria inajulikana, njia ikiwa wazi unakula, hata kama unaona kabisa jamaa anakuvuta ili akupige kete tatu kwa mpigo we unakula tu, ndo sheria. Sasa mtu kakaa miaka na hiyo sheria kichwani alafu unampa chesi, mkono unawahi kabla ya macho. Mimi huwa nakaa na vijana wachache jumamosi tunacheza na kuelekezana (sio kocha wa vyeti jamani, mapenzi tu) na ninachokiona ni kwamba wengi hawafungwi kwa sababu wameshambuliwa ghafla. Wanafungwa kwa sababu wamekula.

Nikupe mfano wa juzijuzi. Kijana mmoja wa bajaji, anajua kweli drafti, hapo mtaani hawamuwezi, tukakaa mimi nyeupe yeye nyeusi. Nikafungua askari e4 (kila kisanduku cha ubao kina jina, herufi ya safu na namba ya mstari), yeye e5. Nikatoa farasi f3, yeye akalinda na askari d6. Nikatoa askofu c4, yeye akaleta askofu wake g4 kumbana farasi wangu, maana farasi akitoka tu malkia yuko nyuma yake. Nikatoa farasi wa pili c3. Hapo akasogeza askari g6, kamwendo ka kupoteza muda tu. Nikamchukua farasi wa f3 nikaenda kula askari wa e5, malkia wangu nimemuacha wazi kabisa.

Akaniangalia. "Kaka, malkia huyu umemsahau?"

"Kula tu mdogo wangu, mchezo huu."

Mzee mmoja muuza viazi alikuwa anachungulia pembeni akasema "huyo kashakuvuta", lakini dogo alishakula. Askofu wangu akaenda f7, cheki (yaani mfalme ametishiwa), mfalme akapanda e7 maana hana pengine, farasi wa pili akatua d5, kwisha habari. Malkia amemshika mkononi na mfalme wake amekufa. Akabaki anatafuta pa kutokea kwenye ubao kwa muda mrefu sana, hakuna.

Mtego huo sikuubuni mimi, unaitwa wa Legal, Mfaransa aliyekuwa akicheza Paris karne ya 18, yaani una zaidi ya miaka 200 na bado unafunga watu Mbeya. Ila sikia hapa ndo penye ushauri wenyewe. Nilipokula e5 yule dogo alikuwa na njia nyingine, angeachana na malkia akala farasi wangu kwa askari wa d6, mimi ningekula askofu wake wa g4, yeye angekuwa amepungukiwa askari mmoja tu na gemu inaendelea. Na kama badala ya ule mwendo wa g6 angekuwa ametoa farasi wake c6, mtego ungenirudia mwenyewe, farasi wa c6 angekula wangu pale e5 na hapohapo angekuwa anamlinda askofu wa g4, ningebaki nimepoteza farasi kwa askari mmoja. Kwa hiyo shambulizi la kushtukiza sio uchawi, linafanya kazi pale tu ambapo hukutoa kete zako mapema na ukaamini kila kinachowekwa mbele yako ni chakula.

Angalia mitego mingine uone ni ugonjwa uleule. Kuna ule wa farasi kwenda g5, nyeupe ana askofu c4 na farasi anasogea g5 wote wanaitazama f7, nyeusi anasukuma d5, nyeupe anakula, na wengi hapo wanakula tena kwa farasi. Farasi wa nyeupe anaingia f7 anajitoa kafara, mfalme anamla, malkia anakuja f3 cheki na wakati huohuo anamgusa farasi wa d5, na kama mfalme anataka kumlinda farasi wake inabidi atoke nje mpaka e6, katikati ya ubao, na baridi yote hii. Badala ya kula, peleka farasi wa c6 kwenda a5 umguse yule askofu. Utakuwa nyuma askari mmoja, sawa, lakini unapumua.

Au hawa wanaopenda kulinda e5 kwa askari wa f6. Vijana naomba muache. Farasi anakula e5 makusudi, ukimla kwa askari malkia anakuja h5 cheki, ukizuia na g6 anakula e5 cheki nyingine na ngome yako ya h8 inaondoka bure. Usimle! Weka malkia e7, farasi akirudi unakula askari wa e4 kwa cheki, mmelingana.

Ule wa malkia na askofu kukimbilia f7 miendo minne sitauzungumzia sana, kila mtu amefungwa nao shuleni, we ukiona malkia h5 na askofu c4 usikimbilie kumtishia malkia kwa farasi f6, ukiwa na farasi c6 anayelinda e5 weka kwanza g6, akirudi f3 ndo utoe farasi f6.

Sasa sisemi kula ni dhambi. Mwaka 1918 New York, Marshall wa Marekani alimtegea Capablanca wa Cuba askari wa e5 ili amvamie mfalme wake. Capablanca alikula! Lakini alikula akijua kinachokuja, akakaa akavumilia vitisho kimoja kimoja mpaka shambulizi likaisha pumzi, akashinda. Kula na uwe na hesabu ya miendo inayofuata, kama huna acha. Na ukishakula ukaona moto umekuwa mkali, rudisha. Hili watu wa drafti linawauma kweli, kurudisha ulichokula, mtu yuko juu ngome nzima anang'ang'ania ngome anafungwa nayo, wakati angeitoa kwa farasi anayesumbua angebaki salama.

Kosa lingine la ulinzi ni furaha. Unapanga mpango wako, umenoga, unasahau kuna mtu mbele yako naye ana mpango. Kramnik akiwa bingwa wa dunia, mwaka 2006 kule Bonn Ujerumani, anacheza na programu ya Deep Fritz, akasogeza malkia wake e3 anataka wabadilishane, mashine ikaweka malkia h7 mfalme amekufa, mwendo mmoja tu! Bingwa wa dunia huyo, sasa mimi na wewe tunaocheza huku mtu anapiga honi ya bajaji.

Dawa ninayowapa vijana ni kukalia mikono. Kweli kabisa, mikono chini ya mapaja, na huku juni julai hata inasaidia kupata joto. Mwenzio akishasogeza, kwanza tafuta ana cheki gani, mwendo ujao, zote hata za kijinga, maana ule wa malkia kujitoa unaonekana wa kijinga mpaka ukufunge. Alafu angalia kete yake iliyosogea imeacha wazi nini na imefungua njia ya nani. Ukimaliza hapo ndo uruhusu mkono utoke.

Na kwenye simu punguzeni gemu za dakika moja, zile zinarudisha mkono wa drafti uleule. Lichess, programu ya kuchezea chesi mtandaoni, ni bure na haina matangazo, bando kidogo tu, chezeni za dakika kumi na tano na mkifungwa rudini kutafuta ule mwendo mliokula. Jumamosi anayetaka kumjaribu yule dogo wa bajaji aje, ila awe makini, siku hizi malkia wake ndo anayeachwa wazi.