Posti haina GPS: tutajuaje mafuriko yako mtaa gani?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Kikundi chetu cha kujitolea hukusanya posti za mafuriko Dar es Salaam na kuziweka kwenye ramani. Karibu zote hazina GPS, na tukifuata mji ulioandikwa kwenye wasifu tunakosea. Tufanyeje?

Jibu: Nzuri, na hongereni kwa kazi. Wasifu uacheni kabisa. Mtu aliyeko Mwanza anaweza kuwa anamwombea msaada dada yake wa Kigogo. GPS nayo msiitegemee: mwaka 2019 Twitter (sasa X) iliacha kuambatisha nukta kamili ya mahali kwenye maandishi, na WhatsApp hufuta taarifa za mahali kwenye picha inayotumwa kwa njia ya kawaida. Mnabaki na maneno yenyewe.

Kazi ngumu iko hapo, kwa sababu majina yetu mengi ya mahali ni maneno ya kila siku. "maji yamefika darajani": daraja lipi, au ni Darajani ya Unguja? "jangwani hakupitiki": kwa programu ya kutafuta majina isiyojua Dar, hapo hapana jina la mtaa. Na mtu anayekimbia maji hahangaiki na herufi kubwa, ambazo zingeonyesha kuwa ni jina. Kwa hiyo tengenezeni orodha yenu ya majina: mitaa, vituo vya daladala, misikiti, shule, masoko. Anzieni OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea; humo Dar imechorwa vizuri kwa sababu ya Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani ya jiji ulioanza 2015 ikiwatumia wanafunzi wa vyuo na wenyeji wa mitaa. Kisha ongezeni majina ambayo makondakta huyaita lakini hayamo kwenye ramani.

Jina likiwa la sehemu zaidi ya moja, someni majirani zake. Magomeni iko Dar, Bagamoyo na Unguja. Ikitajwa pamoja na Mapipa au Kigogo, ni ya Dar.

"Karibu na Jangwani" msiigeuze kuwa nukta. Pakeni rangi eneo zima, maana nukta ya kubahatisha hupeleka boti kusiko na mtu. Kama mwandishi bado anapatikana, mwulizeni: "Upo karibu na kituo gani? Nitumie lokesheni." Jakarta, nchini Indonesia, PetaBencana, ramani ya mtandaoni ya mafuriko, hutumia programu ya kujibu ujumbe yenyewe kuwajibu watu na kuwaomba waonyeshe walipo.

Lokesheni kamili mnayotumiwa wapeni waokoaji peke yao. Ramani ya umma iishie kwenye mtaa, kwani nyumba iliyohamwa kwa sababu ya maji huvutia wezi.