Je, Dini Moja Inatosha Kuipa Dola Nguvu?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Nimesikia katika darsa kwamba Waislamu hawatapata nguvu mpaka kila palipo na Waislamu wengi pawe na mipaka na dola yao wenyewe. Je, hilo ni wajibu wa kisheria? Sisi wa Mombasa tunaulizana sana jambo hili.

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yetu muulizaji, hatujui aya wala hadithi sahihi inayowajibisha kukatwa mpaka mpya kwa sababu tu wakazi wa upande mmoja ni Waislamu. Aliyezuiwa kusimamisha dini yake ana hukumu nyingine, nayo ni kuhama kwa mwenye uwezo, kama ilivyo katika Surat An-Nisaa, aya ya 97 na 98.

Ama kuhusu nguvu, tazama Surat Al-Anfal, aya ya 46. Wanaohadharishwa humo wasizozane, wasije wakapoteza nguvu zao, ni waumini watupu, tena katika sura inayozungumzia vita vya Badr. Ikiwa wao walihitaji kuonywa, vipi sisi tudhani kwamba kushirikiana kibla kunatosha?

Mfano ulio wazi zaidi ni Pakistan. Bara Hindi lilipogawanywa Agosti 1947, maeneo mawili yenye Waislamu wengi yalifanywa dola moja, ilhali kati yake palikuwa na zaidi ya kilomita 1,600 za ardhi ya India. Watu wa mashariki, ambao ndio waliokuwa wengi, walisema Kibangla, na serikali ikataka Kiurdu pekee kiwe lugha ya taifa. Tarehe 21 Februari 1952 wanafunzi waliopinga wakapigwa risasi Dhaka. Katika uchaguzi wa Desemba 1970 chama cha Awami League cha mashariki kilipata wingi wa viti vya bunge, lakini hakikukabidhiwa madaraka. Jeshi likaingia kwa mabavu Machi 1971, damu nyingi ikamwagika, Waislamu wakiuawa na Waislamu wenzao, na kufikia Desemba upande huo wa mashariki ukajitenga ukawa nchi ya Bangladesh. Dini ilikuwa na nguvu ya kuchora ramani ile. Kilichoivunja ni dhuluma, na dhuluma haiangalii nani anaswali.

Wanazuoni wa Bara Hindi wenyewe walikhitalifiana. Shabbir Ahmad Usmani aliunga mkono kuundwa kwa Pakistan. Husain Ahmad Madani, wa chuo cha dini cha Deoband kama yeye, alipinga, akitoa hoja ya mkataba wa Madina, ambamo Mtume (s.a.w.) aliwahesabu Wayahudi wa Banu Awf kuwa umma pamoja na waumini, kila mmoja na dini yake. Sisi tunaiona hoja ya Madani kuwa na uzito zaidi, bila kumtia makosani aliyeijtihadi kinyume chake.

Na ninyi wa Mombasa mnalo la kwenu. Ukanda wa maili kumi wa Mwambao, uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, uliingizwa Kenya kwa makubaliano ya Oktoba 1963 yaliyolinda mahakama za Kadhi, na katiba ya 2010 imezithibitisha katika kifungu cha 170. Mwislamu akizitumia mahakama hizo katika ndoa, talaka na mirathi, na akadai haki yake ya ardhi kwa njia halali, hana wajibu wa kutafuta mpaka mwingine.

Wallahu a'lam.