Retro mtandaoni, kila mtu kimya!

SWALI: Habari za kazi. Naongoza timu ndogo, kila mtu anafanyia kazi kwake, na kila baada ya wiki mbili tunakutana kwa video kufanya retro, yaani kuangalia nini kilienda sawa na wapi tulikwama. Shida nikiuliza nani ana la kusema, kimyaa, kamera zenyewe zimezimwa. Kwenye ubao wa mtandaoni wa Miro wanabandika "tuko poa" basi. Nihamie programu nyingine?

JIBU: Usihame bana, huko utakakohamia watakuja na kimya chao hichohicho. Mi naona tatizo ni swali lenyewe. "Nani ana la kusema" halimgusi mtu, na kwenye video hata ukitaka kuongea unaogopa kugongana na mwenzio, afu bosi yupo hapo anasikiliza. Anza na kuandika: mada moja inayoeleweka, mfano ile kazi iliyochelewa ilikuwa inasubiri nini, weka dakika tano, maiki zote zimezimwa, kila mtu na vikaratasi vyake vya kubandika ubaoni. Miro ina sehemu ya kuficha mnachoandika mpaka wote mmalize, itumie hiyo, maana kikaratasi cha kwanza kikionekana, hasa kikiwa chako wewe kiongozi, wengine watafuata hukohuko. Wewe ongea mwisho. Kama kuna jambo zito wanaliogopa, tuma fomu ya Google kabla ya kikao, isikusanye barua pepe, ila timu ikiwa ya watu watatu usijidanganye, mtamjua tu kwa anavyoandika.

Mkishafichua, unganisheni yanayofanana, pigeni kura, mjadili mawili ya juu. Muda? Mwongozo wa Scrum, ule utaratibu wa timu kufanya kazi kwa vipindi vifupi, unaweka kikomo cha saa 3 za retro kwa sprinti (kipindi kimoja cha kazi) ya mwezi, kwa hiyo nyie wa wiki mbili saa moja inatosha kabisa, ukizidisha watu wanajibu meseji zao huku wanaitikia sawa sawa.

Ila kinachoua retro nyingi sio hata kimya, ni yale mliyokubaliana kubaki ubaoni hayaguswi, mtu akishaona anasema na hakibadiliki kitu ataacha kusema, na ana haki. Chukua moja tu, liwe na jina la mtu na tarehe, liingie kwenye orodha yenu ileile ya kazi za kila siku, na retro ijayo muanze na hilo kabla ya vikaratasi vipya. Nakala muweke nje ya ubao pia, Jamboard, ubao kama huo wa Google, ilifungwa mwisho wa 2024.

Ya kamera waachie wenyewe, kuna mwenye bando dogo na kuna mwenye mtoto mapajani.